Nimeweka Python, kompyuta inasema haiijui

mwana_mikindani: Wakuu habari za jioni, nipo Mikindani hapa Mtwara, nina laptopu ya Windows, nimedaunilodi Python (ile lugha ya kuandikia programu) kwa bando la usiku nikainstoo vizuri tu ila nikiandika python kwenye kile kidirisha cheusi inaniambia haiitambui. Nataka nitengeneze kaprogramu ka kupigia hesabu za korosho za mzee, kilo mara bei. Nimekosea wapi?

fundi_masasi: Mkuu hujakosea sana, wakati wa kuinstoo kuna kiboksi chini pale kimeandikwa "Add python.exe to PATH", yaani kuionesha Windows Python ilipo, wengi tunakiruka. Usidaunilodi tena utamaliza bando bure, fungua lile lile faili la kuinstolea, uiondoe Python (Uninstall) halafu uinstoo upya ukitiki hapo. Kabla ya hapo jaribu kuandika py tu, mara nyingi inakubali.

dada_wa_lindi: Na pa kuandikia programu usihangaike, kuna IDLE, inakuja humo humo na Python na haihitaji intaneti. Andika hivi usevu korosho.py halafu bonyeza F5:

kilo = float(input("Kilo: "))
bei = float(input("Bei: "))
print(kilo * bei)

Hiyo float, inayogeuza maandishi kuwa namba, usiiache mdogo wangu, input inaleta maandishi hata ukiandika namba, na maandishi mara maandishi Python inakataa. Mimi ilinisumbua siku mbili.

mwana_mikindani: py imekubali!! Na hesabu imetoka, nimemuonesha mzee kaniambia sasa niweke na makato. Asanteni sana, dada ubarikiwe