Mnatuuzia eSIM ya kishikwambi halafu mnatuambia tupige nyota na reli! Kwa kifaa gani?

Wakuu, leo salamu ni fupi. Nimechoshwa na mtandao wangu wa simu. Jina silitaji, sitaki uzi ufutwe, ila wao wakisoma watajijua. Na wewe unayepanga kuweka eSIM, ile laini isiyo na kadi inayopakuliwa ndani ya kifaa, kwenye kishikwambi, soma hapa kabla hujapeleka kidole chako dukani.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Nashinda saiti, sasa hivi tupo Chamwino, na michoro siku hizi inabadilishwa mtandaoni. Fundi akikubishia unene wa nguzo, unafungua mchoro wa mwisho pale pale mnaelewana. Ukimwambia nitakutumia jioni, jioni utakuta zege limeshamwagwa. Ndiyo maana nikachukua iPad Air ya M2, ile inayoshika mtandao wa simu, siyo ya Wi-Fi peke yake. Na msije mkaniambia ningeweka laini ya kawaida. Haina tundu la laini! Apple walilitoa kwenye iPad Pro na Air za 2024, wakafuatia na mini mwaka huo huo, na 2025 wakalitoa hata kwenye iPad ya kawaida. Humo ni eSIM au ukae bila laini.

Dukani kwao kuna bango: eSIM kwa simu, saa na kishikwambi. Wamekichora kabisa. Nikaingia kwa kujiamini.

Dada wa kaunta, mpole tu, sina ugomvi naye, akaanza: "Kaka, naomba simu yako."

"Siyo simu dada, ni hiki kishikwambi."

"Sawa kaka. Piga nyota reli sifuri sita reli, nichukue IMEI."

"Dada yangu, hiki hakina sehemu ya kupigia."

Akanitazama, akakichukua mwenyewe, akakitafuta kitufe cha kupigia ukurasa hadi ukurasa. Hakuna. Nikamfungulia mipangilio nikamwonyesha: IMEI, namba ya kukitambulisha kifaa, hii hapa, tarakimu 15, na EID hii hapa, tarakimu 32. EID ndiyo namba ya chipu ya eSIM iliyochomelewa ndani ya kifaa. Laini yako ukishaipakua inafungwa na hiyo chipu, haihami kienyeji kwenda kifaa kingine. Fomu ya kwenye kompyuta yao haina mahali pa EID. Ina "aina ya simu", na kwenye orodha ya simu hakuna kishikwambi hata kimoja. Dada akachagua simu fulani ya kampuni nyingine kabisa ili mfumo umruhusu aendelee. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu zao namiliki simu nisiyoijua. Nchi hii hii ilizima simu feki Juni 2016 kwa kufuata IMEI, leo kifaa cha mteja kinaandikwa kwa kukisia.

Ikaja hoja ya laini ya pili. Namba yao ninayo tayari kwenye simu yangu, na kanuni za usajili za 2020 ziliweka laini moja kwa kila mtandao kwa matumizi ya mtu binafsi, halafu nafasi ya laini hadi nne kwa mashine zinazowasiliana zenyewe kwa zenyewe. Sasa kishikwambi changu ni mtu au ni mashine? Dada hajui. Msimamizi wake hajui. Wakampigia mtu wa juu, naye akasema ngoja niulize. Mwishowe nikajazishwa karatasi ya kueleza kwa nini nataka laini nyingine, nikatoa namba ya NIDA, nikaweka kidole, nikarudia kuweka kidole, maana vidole vya watu wa saiti ile mashine haivipendi.

Msimbo wa QR ukatumwa kwenye barua pepe. Nikaufungulia wapi? Kwenye kishikwambi hicho hicho kinachotakiwa kuupiga picha! Kamera yake itajipigaje kioo chake chenyewe? Nikaomba wauchapishe, printa haina wino. Nikaomba basi wanipe yale maandishi yaliyomo ndani ya QR niyaandike kwa mkono, yaani anwani ya seva ya SM-DP+ na msimbo wa kuwashia, kwa sababu QR yenyewe haijabeba laini, imebeba hayo mawili tu. Laini inapakuliwa kutoka kwenye seva yao. Pale dukani hakuna aliyewahi kusikia hiyo SM-DP+. Mteja ndiye anafundisha.

Tukaufungua msimbo kwenye simu ya dada. Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Ili upakue eSIM unahitaji intaneti kwanza, na Wi-Fi ya duka la kampuni ya mtandao ikakatika katikati ya kupakua. Nikajaribu upya, kifaa kikasema msimbo umeshatumika. Kwa kawaida QR ya eSIM ni ya mara moja, hilo nalijua, ni kwa usalama. Lakini laini haijaingia! Seva yao ndiyo inayojua kama kifaa kilimaliza kupakua au hakikumaliza, taarifa hiyo inarudishwa kwao. Majibu ya kaunta: "Kaka, hapa inabidi tukufanyie kama umepoteza laini." Na ada ya kurudisha laini juu yake. Nirudishiwe laini ambayo sijawahi kuwa nayo hata dakika moja!

Nikalipa. Ndiyo, nililipa, kazi ilikuwa inanisubiri. Laini ikaingia, minara ikaonekana imejaa, intaneti hakuna.

Wanaojua wataniambia ni APN, lile jina la kuunganishia intaneti linaloandikwa kwenye mipangilio. Ni kweli, sehemu ya APN ilikuwa tupu. Nikapiga 100 kwa simu yangu, nikasikilizishwa muziki mpaka nikaukariri, akapokea kijana: "Usijali mteja wetu, nakutumia setingi kwa SMS kwenye hiyo namba, utazihifadhi." Namba ipi? Ya kishikwambi. iPad haina kisanduku cha SMS za mtandao. Ina ujumbe wa Apple kwa Apple tu, na mimi simu yangu ni Android. Nikamweleza taratibu. Akasema, "Sawa, nimeshatuma, zima kisha uwashe simu."

APN nikaja kuipata kwa fundi mmoja wa mtaani. Neno moja fupi, unaliandika, unarudi nyuma, intaneti hiyo. Neno ambalo wangeweza kuliweka kwenye ile barua pepe ya QR.

Haya, sasa tununue bando. Hapa ndipo utajua kwamba hakuna mtu katika kampuni nzima aliyewahi kukaa na kishikwambi mkononi akatumia bidhaa yao mwenyewe. Menyu ya vifurushi ni ya nyota na reli. Kishikwambi hakipigi. Nikaambiwa nitumie programu yao. Nikaipakua, ikaniomba namba, nikaweka ya kishikwambi, ikasema: tumekutumia tarakimu za uthibitisho kwa SMS. Mmenielewa? Ili nionekane kuwa ni mwenye laini lazima nisome SMS iliyotumwa kwenye kifaa kisichosoma SMS. Hakuna njia ya barua pepe, japo QR waliituma kwa barua pepe.

Njia iliyobaki ni kununua kwa simu nyingine, ile ya kumnunulia mwenzako. Ukiingia humo unakuta vifurushi vichache vya bei mbaya. Vile vya intaneti tupu vya mwezi, ambavyo ndivyo mtu wa kishikwambi anavyovitaka, havimo. Unapewa vya dakika na SMS vikichanganywa na MB kidogo. Dakika za kumpigia nani? Kwa hiyo kila bando ninalonunua, sehemu ya hela yangu inakwenda kwenye dakika na SMS ambazo kifaa hakiwezi kuzitumia hata nikitaka. Zinaisha muda wake zikiwa nzima. Huo ni wizi, sina neno lingine.

Na salio sijui. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, walipotangaza kanuni ndogo za vifurushi Machi 2021, moja ya mambo yaliyowekwa ni mtoa huduma kumjulisha mteja matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika asilimia 100. Nina uhakika mtandao wangu unanijulisha, tena kwa uaminifu mkubwa. Kwa SMS. Mimi najua bando limeisha pale mchoro unapogoma kufunguka, niko juu ya jukwaa na mafundi wananiangalia.

Sasa mtu asije akasema teknolojia bado changa. Vipimo vya kwanza vya eSIM kwa vifaa vya watu binafsi GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, walivitoa 2016. Mtalii anayeshuka pale uwanja wa ndege wa Zanzibar ameshanunua eSIM ya safari kwenye programu akiwa kwao. Anatumia minara hii hii, kwenye kishikwambi kama changu, anaona salio lake kwa kuingia na barua pepe, na hakuna aliyemwomba apige nyota. Analipa kwa dola na bei yake ni ya juu, sawa. Lakini inawezekana! Kinachotukwamisha sisi siyo chipu wala mnara. Huduma imejengwa kwa kudhani kila laini iko ndani ya simu, halafu mtu wa masoko akaongeza picha ya kishikwambi kwenye bango.

Hata serikali ilishatembeza vishikwambi nchi nzima kwenye Sensa ya Agosti 2022 na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Siyo kifaa cha ajabu kilichoshuka jana.

Kwa mliokwama kama mimi, nawapa njia niliyoishia nayo, japo inachekesha. Omba kwanza laini ya kawaida ya plastiki. Iweke kwenye kitochi. Ukiwa na Wi-Fi, fungua programu yao kwenye kishikwambi, weka namba, tarakimu za uthibitisho zitaingia kwenye kitochi, ziandike upesi. Ukishaingia usitoke kwenye akaunti, wala usifute programu. Ukiwa bado na kitochi, hakikisha laini hiyo imesajiliwa kwa jina lako kwa kupiga *106#, maana baadaye hutaweza. Kisha rudi dukani uombe ibadilishwe kuwa eSIM, namba ile ile. Andika APN kwa mkono. Ukifuata hivyo, vifurushi vya mwezi unavinunua ndani ya programu kwa kutoa hela kwenye akaunti yako ya simu, na salio unaliona. Siku programu ikikutoa yenyewe baada ya kusasishwa, pole yako, hapo ni kurudi kwenye plastiki.

Yaani unanunua laini ya plastiki ili uruhusiwe kutumia laini isiyo ya plastiki. Alama za vidole kila hatua.

Wakubwa wa mtandao huu, kama mpo humu, na najua mpo kwa sababu mkisifiwa huwa mnajibu haraka: ruhusuni kuingia kwa barua pepe. Wekeni vifurushi vya intaneti tupu kwenye menyu ya kumnunulia mwingine. QR ikikatikia njiani toeni nyingine bure. APN iandikeni kwenye barua pepe. Hakuna hata moja hapo inayohitaji mnara mpya. Na kama hamwezi, futeni kile kishikwambi kwenye bango lenu.

NYONGEZA, baada ya kusoma maoni ya mwanzo:

Mliosema niwashe hotspoti ya simu: nawasha, ndiyo maisha yangu bando likikata. Chaji ya simu inaisha saa saba mchana na huku kwenye saiti umeme bado. Na hoja siyo kama naweza kuishi bila eSIM. Hoja ni kwamba wameiuza, wamepokea hela.

Mkuu uliyesema iPad ni anasa na tulie wenyewe: Samsung nao wana Galaxy Tab zenye eSIM, na hata kama kifaa ni cha anasa, bando nanunua kwa hela halali.

Uliyenishauri niende TCRA, asante, nia ninayo. Ila utaratibu unataka malalamiko yapite kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Nimeshayapeleka. Wameyapokea vizuri sana, wakasema namba ya kufuatilia lalamiko nimetumiwa kwa SMS kwenye laini husika.

Mwenye barua pepe ya kitengo chao cha malalamiko inayojibiwa na binadamu aiweke hapa chini. Ya roboti ninayo.