Flashi nje ya kamera, vitu vidogo mezani: kivuli kikali, doa kwenye chupa na rangi ya njano

MsakaNuru:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mwongozo. Napiga picha za vitu vidogo mezani, ndani, usiku. Sasa hivi nimepanga chupa ya kioo ya bluu, kitabu chenye jalada la ngozi na funguo mbili kuukuu za shaba. Nina lenzi ya milimita 50, tripodi, flashi moja na triga ya redio ya kuiwasha kwa mbali. Flashi iko kwenye stendi upande wa kushoto, kama mita moja na nusu kutoka mezani, na meza imegusa ukuta.

Kivuli cha chupa kinaangukia ukutani kikiwa kikali mno, begani mwa chupa kuna doa jeupe, na upande wa kulia kila kitu kimekuwa cha njano. Mipangilio: shata 1/60 ya sekunde, tundu la lenzi f/4, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800, flashi kwenye TTL, yaani kamera ndiyo inayoipangia nguvu. Kuna aliyenishauri nitafute flashi ya pili ili kuua kivuli. Kweli ndiyo dawa?

Taa_Moja:
Njano ni ya balbu ya chumbani, mkuu. Flashi ina joto la rangi la kelvini 5500 hivi, balbu ya njano iko kwenye 2700 au 3000. Kwa 1/60 na ISO 800 kamera inazikusanya zote mbili. Panda hadi 1/160, shusha ISO hadi 100, njano itakwisha.

BintiKivuli:
Flashi ya pili iache kwanza. Ukiiongeza bila kuipangia kazi utapata vivuli viwili vinavyogombana. Na kivuli chenyewe unakihitaji: ndicho kinachomwonyesha mtazamaji kwamba chupa ni mviringo na kitabu kina unene.

Fanya alivyosema Taa_Moja, funga tundu hadi f/8 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), halafu zima flashi upige picha moja. Ikitoka nyeusi tii, uko tayari: kuanzia hapo, kila mwanga utakaouona kwenye picha umeuweka mwenyewe. Flashi huwaka kwa muda mfupi sana, kwa nguvu ndogo ni chini ya 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo shata haiipunguzi; inapunguza mwanga wa chumba tu. Ila usivuke kasi ambayo kamera yako inaoana na flashi, kwa nyingi ni 1/200 au 1/250, la sivyo utaona utepe mweusi umekata picha. Flashi yenyewe inatawaliwa na tundu la lenzi, ISO, nguvu uliyoiweka, na umbali.

TTL izime, weka M, nguvu ya flashi uipange mwenyewe. TTL inakisia upya kila unaposogeza chupa, na kitu kinachong'aa huidanganya kirahisi. Anza na 1/8 ya nguvu yote ya flashi.

Sasa ukali wa kivuli. Kinacholainisha kivuli ni ukubwa wa chanzo cha mwanga ukilinganishwa na kitu unachopiga, na uso wa flashi ukiwa mita moja na nusu ni kitone tu mbele ya chupa. Chukua karatasi ya tresingi ya A2, ile nyembamba inayopitisha mwanga, itundike wima kushoto, sentimita 30 kutoka kwenye chupa, nje kidogo ya fremu. Flashi iwe nyuma ya karatasi, sentimita 50 hivi. Chanzo cha mwanga si flashi tena, ni karatasi. Ukiisogeza flashi karibu na karatasi, katikati panawaka na kingo zinafifia, na mteremko huohuo wa mwanga utauona umelala begani mwa chupa mahali pa lile doa. Hapo ndipo mimi hukaa muda mrefu kuliko popote, nikisogeza flashi kidogokidogo na kupiga tena. Ndiyo sehemu tamu kuliko zote za kazi hii.

Meza iondoe ukutani, mita moja au zaidi. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo, yaani stopu mbili chini (kila stopu ni nusu ya mwanga). (Karatasi kubwa iliyo karibu hupunguza taratibu kidogo kuliko hivyo, lakini mwelekeo ni huohuo.) Ukuta utaingia gizani wenyewe na kivuli kitaangukia mezani, mahali pake.

Kuhusu chupa, kumbuka kioo kinaakisi. Mwanga huondoka kwa pembe ileile uliyoingilia, kwa hiyo doa likikaa usipotaka, sogeza taa au chupa hadi lenzi iwe nje ya njia hiyo. Ukitaka ukingo wa chupa usipotelee kwenye mandhari ya nyuma iliyo nyeupe, simamisha kadibodi nyeusi kila upande, karibu sana, nje ya fremu tu. Utaona mstari mwembamba mweusi umechora umbo lote.

Funguo zina mambo yake. Kata kipande cha karatasi nyeupe, kikubwa kama kiganja, kiegemeze mbele ya ufunguo chini ya lenzi, kielekee kwenye mwanga. Sasa tazama meno: yalikuwa rundo jeusi, sasa kila jino lina ukingo wake, na mstari wa dhahabu umepita kwenye shina la ufunguo. Karatasi ikisogea upana wa kidole, mstari umetoweka.

DirishaWazi:
Dada, mbona usimwambie tu aielekeze flashi kwenye dari nyeupe? Haraka, laini, hakuna makaratasi ya kutundika.

BintiKivuli:
Kwa picha ya haraka sawa, kaka. Lakini dari inamwaga mwanga kutoka juu kila mahali, na kama ina rangi, rangi inashuka pamoja nao. Hapa kitakachoumia zaidi ni kitabu. Vitundu na mikunjo ya ngozi huonekana mwanga ukipita chini chini, ukifagia jalada kwa ubavu. Kwa mwanga wa dari jalada lile litaonekana plastiki.

MsakaNuru:
Nimehamisha meza na kutundika karatasi. Doa limeondoka kabisa, ahsante sana dada. Swali moja: kwa f/8 chupa imetoka safi lakini ufunguo wa mbele una ukungu. Niende f/22?

BintiKivuli:
Usifike huko. Ukipita f/16 hivi, mwanga unatawanyika kwenye kile kitundu kidogo na picha nzima inalegea. Nenda f/11, na kwa kuwa umepoteza stopu moja, pandisha flashi kutoka 1/8 hadi 1/4. Fokasi ilenge meno ya ufunguo; chupa ikilegea kidogo kule nyuma si neno. Ukitaka vyote viwe safi, piga fremu kadhaa kamera ikiwa palepale kwenye tripodi, kila mara ukirudisha fokasi nyuma kidogo, kisha ziunganishe kwenye programu. Subiri taa ya flashi ionyeshe imejaa kabla ya kila fremu. Ukiiharakisha, fremu moja itatoka nyeusi kuliko zingine na picha itakuwa na viraka.