Nimechomwa na sindano kazini, naogopa kuandikwa kwenye daftari

mama_wawili_pb:
Asalaam aleikum jamani, mnivumilie naandika mbiombio mtoto analia. Mie nafanya usafi kwenye kituo kimoja cha afya huku Pemba, sisemi kipi maana mkijua kituo mshanijua na mie, huku kwetu ukitaja shehia tu mtu keshajua mama yako nani na bibi yako aliolewa wapi. Nna miezi minne tokea nianze.

Jana saa tisa alasiri nilikuwa natoa taka chumba cha sindano. Lile boksi la njano lilikuwa limejaa mpaka sindano zimetokeza juu, sasa kuna mtu kaona atie nyengine kwenye mfuko wa taka za kawaida, mie nakamata mfuko niufunge nikahisi kitu kimening'ata kidole cha shahada. Kuvua glavu, zenyewe hizi nyepesi za kupimia, naona damu. Nikakamua weee mpaka kidole kikawa cheupe, kisha nikatia jiki, nikafunga kitambaa nikaendelea na kazi. Sikumwambia mtu.

Najua mtasema mjinga huyu lakini nisikilizeni. Pale ukiumia unaandikwa kwenye daftari linalokaa mezani mapokezi wazi wazi, na anaeandika ni mtoto wa shangazi yake mume wangu. Mwezi uliopita kuna dada kaja kupimwa alhamisi, sijui hata alikuwa na nini, ijumaa baada ya sala watu wanamzungumza barzani, jumamosi kwenye harusi wanawake wanakwepa kukaa nae mkeka mmoja. Nilimuona kwa macho yangu kajiinamia anachezea ukindu wa mkeka. Nikasema Yarabi, siku yangu ikifika itakuwaje, na ndo hii imefika.

Mume wangu yuko dago, kambi ya wavuvi, anarudi wiki ijayo. Naomba kuuliza, je nikikaa kimya nikasubiri miezi mitatu nikajipime zangu Unguja ambako hanijui mtu itafaa? Na usiku sijalala.

nesi_mzee:
Waalaykum salaam mwanangu. Usisubiri miezi mitatu, soma hili kwanza mengine baadae. Kuna dawa za kukinga virusi vya Ukimwi, wenyewe wanaziita PEP, zinaanzwa ndani ya saa 72 tokea ulipochomwa, zikipita hizo hazina faida tena. Kwa hesabu hiyo mwisho wako ni kesho kutwa saa tisa, lakini usikae ukaihesabu hiyo, kila saa inayopita dawa inapungua nguvu, mie ningekuwa wewe saivi navaa buibui.

Watakupima kwanza ili wajue umeingia hali yako ikoje, maana dawa hizi za kinga hapewi mtu ambae tayari anavyo virusi, huyo ana dawa zake. Ukiwa huna unameza siku 28 bila kukatisha, kisha unarudi kupima wiki ya sita na tena mwezi wa tatu. Kama unanyonyesha waambie.

Na kidole usikikamue tena na jiki usilitie, mwanangu jiki ni la sakafu. Sabuni na maji yanayotiririka, basi. Kukamua kunaiumiza nyama tu, hakuvuti kitu nje.

Ili upate usingizi kidogo: katika watu 1000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi kweli, wanaoambukizwa ni kama 3. Na hapa Zanzibar wanaoishi na virusi hawafiki asilimia 1, kwa hiyo sindano hiyo uwezekano mkubwa ni ya mtoto mwenye homa. Mie nnayoiogopa zaidi kwenu nyie wa usafi ni homa ya ini B, ile kwa mtu asiechanjwa inaweza kufika mpaka watu 30 katika 100 kama damu ilikuwa nayo, na kirusi chake kinakaa kwenye damu iliyokauka hata wiki nzima kikiwa hai. Umechanjwa? Sindano tatu, ya leo, ya baada ya mwezi na ya mwezi wa sita. Wengi wa wahudumu wa usafi hawajui hata kama wana haki ya chanjo ile, madaktari wanachanjwa na anaebeba taka anasahauliwa. Nimeyasema haya miaka nikiwa kazini mpaka wakaniona mkorofi.

Si lazima uende kituo chako. Panda gari nenda spitali kubwa, Chake, Wete au Mkoani, ile iliyo mbali na kwenu, uliza kliniki ya CTC, ile ya matunzo na dawa za Ukimwi, mwambie nesi sikioni "nimechomwa kazini". Hutakiwi kusema zaidi ya hapo mlangoni.

Kidoto_stendi:
Mie nauliza tu msinitukane, kwani mume si ndo wa kwanza kuambiwa? Mke wa mtu anameza dawa za Ukimwi ndani ya nyumba mwenyewe nyumba hajui. Hiyo siri au hiyana?

ukaya_mweusi:
@Kidoto_stendi ndo nyie mnaotuharibia. Kachomwa kazini anakuletea wewe ugali mezani, kosa lake lipi? Amwambie mumewe kwa ulimi wake na kwa wakati wake, asiambiwe na binamu wa mapokezi, tofauti yake kama huioni basi nenda kanywe kahawa.

nesi_mzee:
Kidoto hajakosea yote. Mumewe kuna siku atahitaji kujua, maana mpaka vipimo vya mwisho vitoke wanatakiwa watumie mipira, na mwanamke aliezoea kimya hawezi kuamka usiku mmoja akaleta habari ya mipira bila kuulizwa. Lakini wa kusema ni yeye. Nesi anaweza kumsaidia maneno, akitaka waje wote wawili wakae nae. Mie nishawahi kukaa na mtu na mumewe, mwanamme alikuja kafura, nikamuonesha boksi na sindano zilivyo, akaondoka anamuuliza mkewe kidole kinauma.

wa_shehia:
Poleni. Mie ni hawa wa kujitolea wa afya ya jamii tunaozunguka nyumba kwa nyumba na simu, mpango wa Jamii ni Afya, na mtihani wangu mkubwa ni huo huo wa siri kwa sababu ninaowatembelea ni majirani na nusu yao ni ndugu. Nikitoka nyumba ya mtu tu nakutana na swali njiani, "eti fulani ana nini?" Mwanzo nilikuwa nikijibu madogo, aah ana mafua tu, presha imempanda kidogo. Mpaka siku moja bibi mmoja akaniambia mjukuu wangu, ukisema wa mafua ana mafua, siku utakayonyamaza watu wote watajua kuna kubwa. Wallahi nikaganda. Tokea siku ile sisemi chochote cha mtu yeyote, hata mwenye upele, najibu "nenda kamjulie hali mwenyewe atafurahi", kwa wote sawasawa. Mamkwe alinuna wiki mbili hivi, akasema najidai daktari, saivi keshazoea.

Na simu ile nimeitia namba ya siri na mtoto haichezei hata akilia vipi. Kuna mwenzetu (si wa shehia yetu) aliiacha kitandani mtoto kaenda nayo kwa jirani kutazama katuni.

Jengine linalonikera ni picha. Kuna mzee namsaidia, kalala kitandani, ana kidonda cha mgongo, watoto wake wako Oman, wana grupu lao la watsapu la ukoo mzima watu sijui arubaini, wakanambia tutumie video tuone kidonda na unavyomuosha. Nikamuuliza mzee mwenyewe kwanza. Akanyamaza, kisha akasema kidonda piga, uso wangu na uchi wangu wasiuone wakwe. Nikapiga kidonda peke yake nikamtumia yule binti yake mkubwa mmoja tu anaeshughulikia dawa, grupu sikutia kitu. Wakanuna na wao. Mzee kulala hivyo haikumfanya awe maiti jamani, bado ana aibu yake na haki yake ya kukataa.

inchaji_fulani:
Naandika kama mtu anaesimamia kituo (si hicho, na sitaki kukijua). Dada mambo mawili yamechanganyika hapa na yote yametokana na uzembe wa sisi wakubwa, si wako.

Boksi la sindano linafungwa likifika robo tatu, kuna hata mstari umechorwa ubavuni, halisubiri lijae na halishindiliwi. Sindano hairudishiwi kifuniko chake, inaingia kwenye boksi pale pale na alieichoma, hampi mwenziwe akamtupie. Na mtu wa usafi apewe glavu nene na viatu vya kufunika miguu, mie nimeona watu wanabeba taka za leba na kandambili.

Na daftari la ajali kazini halikai mapokezi. Linafungiwa kabatini kwa inchaji, anaelishika ni mtu mmoja, majibu ya vipimo hayaandikwi humo kabisa. Sasa angalia inavyokwenda, daftari likiwa wazi watu wanaficha ajali, wakificha ajali mimi kwenye karatasi naona kituo changu salama hakuna aliechomwa mwaka mzima, sababu ya kuagizia maboksi mengi siioni, basi boksi linajaa na mwengine anachomwa. Umbeya wa mapokezi ndo uliokuchoma kidole dada, sindano ilifuata tu.

Kwa hiyo tibiwa kwanza huko mbali, kisha ukipata nguvu nenda kwa mkubwa wako peke yake mlango umefungwa, mwambie nimechomwa tarehe fulani kwa sababu ya boksi, nataka iandikwe lakini si na binamu. Ikiandikwa inakulinda na wewe, kesho ukija kudai haki ya kuumia kazini utaulizwa iko wapi. Na akikuchukulia mzaha, hapa Zanzibar tuna sheria yetu ya Ukimwi ya 2013, majibu ya mtu ni siri. Msimtajie ile ya taarifa binafsi ya 2022 inayosemwa redioni, ile kwa huku haigusi yasiyo ya Muungano na afya si ya Muungano, atakushinda hapo hapo.

ukaya_mweusi:
Na yule aliemtangaza dada wa watu mpaka harusini hakuna wa kumsuta? Zamani mtu kama huyo akipigiwa ngoma mlangoni kwao asubuhi na mapema mtaa mzima ukatoka kusikiliza.

nesi_mzee:
Ukimsuta hadharani utamtaja na aliesemwa, utakuwa umemtangaza mara ya pili. Apelekwe kwa wakubwa wake kimya kimya.

mama_wawili_pb:
Jamani nimerudi. Nilikwenda jana hiyo hiyo baada ya kusoma, mtoto nimemuacha kwa dada nikasema naumwa jino. Nimefika, nimeuliza, naingia chumbani, nesi ni nani! Tulikaa meza moja kwenye harusi mwaka jana, anamjua mama mkwe wangu vizuri tu. Nikataka kugeuka. Yeye akafunga mlango akaniambia kaa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "tukikutana harusini nikusalimie kama tunajuana au nikae kimya?" Nililia hapo hapo. Nikamwambia nisalimie kama zamani. Akasema sawa, basi la leo limebaki leo.

Nimepimwa sina kitu alhamdulillah, nimepewa vidonge, kimoja kwa siku, na chanjo ya ini ya mwanzo nimedungwa. Leo tumbo linanichafuka na usiku nimeota ndoto za ajabu. Kwa mkubwa wangu bado sijakwenda, nitakwenda jumatatu, nguvu za kwenda nimezipata kwa maneno ya inchaji. Mume wangu nitamwambia akirudi, nimeshapanga nimuoneshe kidole kwanza.

Swali langu moja, vidonge nimevitia kwenye kopo la binzari na mama mkwe anapika kwangu kila ijumaa. Niviweke wapi?

nesi_mzee:
Alhamdulillah. Kichefuchefu kitapungua siku chache, meza baada ya kula, na kama ndoto zinakusumbua hamishia asubuhi, waulize waliokupa kabla hujabadilisha saa. Usikatishe hata ukijiona mzima.

Binzarini vitoe leo hii, kuna unyevu na kijiko cha mtu. Viache kwenye kichupa chao, ukifunge ndani ya nguo za mtoto mchanga kwenye sanduku lako, huko mamkwe hafukui. Na kwenye simu weka alamu, iandike "unga", si "dawa".

wa_shehia:
Mie yangu imeandikwa "kuku" mwaka wa tatu huu, dawa ya presha.