Naomba ushauri: Commander yetu ya Jumamosi imekuwa kero

Jiwe_la_Igoma:
Wakuu, poleni na majukumu. Tuko wanne, tunakutana Nyegezi, hapa Mwanza, kila Jumamosi mchana kucheza Magic, ule mchezo wa kadi wa kupigana, kwenye baraza la jamaa yetu. Kwa wasioijua, Commander ni ule mtindo ambao kila mtu ana deki ya kadi 100, hakuna kadi kujirudia ukiacha ardhi za kawaida (kadi zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine), unaanza na uhai 40, na kamanda wako, kadi kiongozi wa deki, anakaa pembeni mpaka uwe na mana ya kumwita. Wanasema ni mchezo wa kupiga stori na kucheka. Sisi siku hizi tunaagana tumenuniana.

Mmoja wetu ana kaka Kanada anayemtumia kadi. Ana Rhystic Study, ana Cyclonic Rift, ana vitu vya kutisha. Sisi watatu tunatumia deki za dukani zilizopangwa tayari, hatujabadilisha chochote. Rhystic Study ikishatua mezani, kila ukicheza kadi anakuuliza, "Unalipia moja?" Usipolipa hiyo mana moja, anavuta kadi. Mchana kutwa ni hiyo tu, mpaka mama mwenye nyumba akileta chai naye anauliza, "Unalipia moja?"

Juzi alinitoa mapema kabisa. Nikabaki kwenye benchi nawatazama wenzangu wakivutana hadi giza linaingia, nami nawaza usafiri wa kurudi Igoma. Tukimsema anajibu, "Sheria gani nimevunja?" Kweli hajavunja. Halafu kuna mwingine, akiona anakufa anamalizia nguvu zake zote kwa mtu mmoja, anatuchagulia mshindi. Nimwambieje huyu wa Rhystic bila kuharibu urafiki? Tumesoma naye.

Sato_wa_Kirumba:
Mshukieni watatu kwa pamoja tangu mwanzo. Uhai 40 mbele ya watu watatu haufiki mbali.

Jiwe_la_Igoma:
Tulijaribu mkuu. Alinuna, na akatushinda vilevile.

Babu_Deki:
Mdogo wangu, achana na mjadala wa sheria, hamtaumaliza. Septemba 2024 kamati ya sheria za Commander ilipiga marufuku kadi nne kwa mpigo, Mana Crypt na Jeweled Lotus zikiwemo. Watu walichachamaa, wengine wakafikia kuwatishia wanakamati, na kamati ikaamua kuwakabidhi Wizards of the Coast, kampuni inayotengeneza Magic, usimamizi wa Commander. Mwaka 2025 wakaja na ngazi tano za kupimia nguvu ya deki. Deki zenu za dukani kwa kawaida zinakaa ya pili. Kuna orodha maalumu ya kadi zinazogeuza mchezo, na hizo mbili ulizotaja zote zimo. Ngazi ya pili hairuhusu hata moja, ya tatu inaruhusu hadi tatu, ya nne hazina kikomo.

Kwa hiyo usimuulize kwa nini anawaonea. Muulize, "Deki yako ni ngazi ya ngapi?" Hapo mnajadili makaratasi, hamjadili tabia yake.

Binti_Pasiansi:
Babu umesema vizuri, ila ngazi hazimalizi kila kitu, mtu anaweza kukupangia deki ya ngazi ya pili ukajuta kuamka. Na mimi namtetea kidogo huyo ndugu. Katumiwa kadi nzuri, azifiche kabatini? Mpeni mchezo mmoja wa kutamba nazo, inayofuata atumie deki ya dukani.

Fundi_Malimbe:
Printini kopi za hizo kadi zake! Steshenari zimejaa huku karibu na chuo. Karatasi nyeusi na nyeupe, unakata, unaichomeka mbele ya kadi ya ardhi ndani ya kifuko cha plastiki. Kwenye mashindano rasmi hazikubaliki, lakini barazani nani atakukagua?

Binti_Pasiansi:
Kwetu walifanya hivyo. Mmoja alianza, wiki iliyofuata wote wakaja na kopi za kadi ghali, michezo ikawa mifupi na mibaya. Kama mnaprinti, wekeni kikomo kwanza.

Sato_wa_Kirumba:
Huyo anayechagua mshindi mbona hamumwelewi? Kama alionya mapema, "Ukinigusa nakufa na wewe," halafu akatimiza, hiyo ndiyo silaha pekee ya mnyonge. Next time utamfikiria mara mbili. Akifanya kimyakimya kwa hasira, hapo ni gubu.

Babu_Deki:
Na hilo benchi lina dawa. Mko wanne, chezeni wawili kwa wawili, mtindo wa Two-Headed Giant. Kila timu ina uhai wa pamoja, na wawili wa timu mnacheza zamu yenu kwa pamoja. Mkifa mnakufa wote, hakuna anayebaki kutazama. Na mwenye Rhystic awe timu ya huyo wa visasi, mtacheka mpaka basi.

Jiwe_la_Igoma:
Asanteni sana wakuu. Ya wawili kwa wawili tunaijaribu wiki hii. Nimemtumia ujumbe sasa hivi kumuuliza deki yake ni ngazi ya ngapi. Kajibu: "Ya pili."

Binti_Pasiansi:
Hahaha! Mwambie aje nayo, muikague kadi moja moja mama akiwepo.