Naomba ushauri: msimamo wa wahandisi kuhusu ukaguzi wa majengo tuuandikeje?

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, na kwenye chama chetu cha kitaaluma nimetupiwa kazi ya kuandika rasimu ya msimamo kuhusu ukaguzi wa majengo. Tangu ghorofa lianguke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, wenzangu wanataka tuseme jambo hadharani. Shida ni kwamba wengi wetu mwajiri ni serikali, na ukihoji vibali vya ujenzi tu unaulizwa umetumwa na nani.

Chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani, ASCE, huipa nchi yao alama kama za shule: barabara, maji, umeme, vyote. Mwaka 2021 ilipata C-, 2025 ikapanda hadi C. Afrika Kusini, chama cha wahandisi wa ujenzi cha huko, SAICE, walianza 2006 kwa D+. Navutiwa na njia hiyo, maana alama haina kadi ya chama cha siasa. Ila ghorofa la mtu binafsi utalipatiaje alama bila kuruhusiwa kuingia?

Aliyewahi kuandika waraka wa namna hii anisaidie: tuupeleke kwanza wizarani kimyakimya, au tuwaite waandishi wa habari siku hiyohiyo? Na halmashauri tuzitaje kwa majina?