Windows 7 kwenye laptopu mpya: niiweke moja kwa moja, au kuna njia bora?

Kijiti
Wakuu, habari zenu. Nina laptopu yenye Windows 11, nataka kuirudisha Windows 7 kabla wiki haijaisha, kuna kazi inanisubiri. Fleshi nimeshaandaa, ila nikianza tu inaniambia draiva (programu ya kuendeshea kifaa) inakosekana. Mmoja kanishauri Windows 10, mwingine mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta). Nichague ipi? Na draiva za 7 nazipata wapi?

bisibisi32
Mkuu, laptopu ipi? Prosesa kizazi cha ngapi? Diski ni SATA au NVMe (aina ya kisasa, ya kasi)? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Nuru_Njema
Na hiyo 7 unaitakia nini? Masasisho yake ya usalama yalikoma tarehe 14 Januari 2020.

mzee_wa_waya
Muachieni aweke 7. Mimi naitumia mpaka leo, haijawahi kuniangusha. Kijiti, hilo kosa ni la USB 3.0. Windows 7 ilitoka 2009, haina draiva yake. BIOS (programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows) inaisoma fleshi vizuri mwanzoni, lakini programu ya kusakinisha ikishika usukani haiioni tena fleshi ileile ilikotokea. Hamishia kwenye tundu la USB 2.0, utanishukuru.

bisibisi32
Mzee wangu, heshima yako, hilo lilifaa kwa mashine za zamani. Kuanzia prosesa za Skylake, mwaka 2015, Intel waliondoa kidhibiti cha EHCI (cha USB 2.0), kwa hiyo matundu yote yanapitia xHCI (cha USB 3.0), hata yale ya 2.0. Dawa ni kuingiza draiva ndani ya boot.wim na install.wim (faili za kusakinishia zilizo kwenye fleshi) kwa DISM, zana ya amri ya Windows. Kwenye boot.wim usiishie picha ya mfumo namba 1, programu ya kusakinisha imo kwenye namba 2. Diski ikiwa NVMe, ongeza masasisho KB2990941 na KB3087873.

Kijiti
Samahani, ningeyasema mapema. Ni Core i5 kizazi cha nane, RAM GB 8, NVMe GB 256. Sababu yenyewe ni skana ya filamu. Nina negativu za marehemu baba, zimeanza kubadilika rangi na nataka kuziokoa zote. Skana ni nzima kabisa, ila draiva yake ya mwisho ni ya Windows 7, biti 32.

Zuhura_wa_Usiku
Kaka Kijiti, usiguse hiyo diski kwanza. Nikueleze yaliyonipata.

Nami nilikuwa na laptopu ya umri huohuo na programu ya zamani niliyoitegemea kwa kazi. Nikazima Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwasha), nikawasha hali ya Legacy (uwashaji wa kizamani), nikaingiza draiva za USB kama alivyoeleza bisibisi32. Ikawaka. Nikafika kwenye diski, ikakataa kwa kuwa mpangilio wake ni GPT (wa kisasa) na hali ya Legacy inataka MBR (wa zamani). Maelezo niliyokuwa nafuata yalisema fungua diskpart (zana ya kupanga diski), andika clean. Nikaandika. Sekunde moja tu. Kizigeu (sehemu ya diski) cha kurejeshea mfumo wa awali kikaondoka, na folda mbili za kazi ambazo sikuwa nimezinakili popote.

Windows 7 iliingia, ndiyo. Lakini skrini ilibaki kwenye ukubwa mdogo, kila kitu kimevimba, mwanga haupungui wala hauongezeki. Wi-Fi hakuna. Kulala na kuamka haikuweza. Nikapakua programu moja inayodai kutafuta draiva zote yenyewe, ikanijazia matangazo na draiva ya sauti isiyo yake. Siku tatu nilihangaika, mwishowe nikarudi Windows 10 kwa fleshi ya kuazima. Zile folda sikuzipata tena.

Nuru_Njema
Pole sana dada. Na Kijiti, kama BitLocker (kufuli la usimbaji la diski) imewashwa, hakikisha ufunguo wa kurejeshea unao kabla ya kugusa Secure Boot.

bisibisi32
Sasa picha inabadilika kabisa. Draiva ni ya biti 32, kwa hiyo hata ukifanikiwa kuweka 7 ya biti 64 haitakubali. Lazima 7 ya biti 32, nayo haiwaki kwa UEFI (uwashaji wa kisasa) kwenye laptopu hizi. Na Intel hawakutoa draiva ya grafiki ya Windows 7 kwa kizazi cha nane. Mimi ningekwenda mashine pepe: VirtualBox, ndani yake 7 ya biti 32, kisha unaikabidhi skana kupitia kichujio cha USB. Chagua kidhibiti cha USB 2.0, ukichagua 3.0 utarudi kwenye tatizo lilelile la draiva. Na uikatie intaneti.

mzee_wa_waya
Skana na mashine pepe havipatani. Zangu mbili zilikatika katikati ya kazi. Bora Windows 10 ya biti 32, mara nyingi hupokea draiva za 7.

bisibisi32
Nayo masasisho yake ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, mzee. Tena itamlazimu afute alichonacho, maana 11 haina toleo la biti 32.

PengwiniMweusi
Mbona mnazunguka mbali? Washa Linux kutoka kwenye fleshi bila kusakinisha chochote, andika scanimage -L, amri ya kuorodhesha skana zinazoonekana. SANE, mfumo wa skana wa Linux, inazijua skana nyingi ambazo watengenezaji wake walishazitelekeza. Isipoiona, jaribu programu ya VueScan, ina draiva zake yenyewe.

mzee_wa_waya
Linux tena! Kila uzi lazima iletwe.

PengwiniMweusi
Imeletwa kwa sababu haifuti kitu. Kijiti, tupe modeli ya skana, tuiangalie kwenye orodha ya SANE.

Kijiti
Asanteni sana. Modeli imefutika kwenye kibandiko, nitaisoma kwenye boksi nikilipata. Leo usiku nanakili kila kitu kwanza, dada Zuhura umenitisha kweli. Halafu naanza na mashine pepe.

Zuhura_wa_Usiku
Nakili mahali pawili.

Nuru_Njema
Mzee wa waya, unavinjari kwa kitu gani humo kwenye 7? Chrome iliishia toleo la 109.

mzee_wa_waya
Firefox ESR 115. Inafanya kazi zangu zote.

Tarumbeta
Wakuu, nami nina XP na kadi ya sauti ya zamani, kwenye kidhibiti cha vifaa inaonyesha alama ya njano na VEN_1102, namba ya mtengenezaji. Draiva yake naipataje?