Fundi wetu wa bao ataka kupumzika: twamuenzi vipi bila kumuudhi?

MwanaKuze:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, na naomba uwe wa watu wanaojua maisha ya baraza. Aliye na shauri la kukodi ukumbi asijisumbue.

Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, nyuma kidogo ya Ndia Kuu, pana baraza la bao, ule mchezo wa kete na mashimo. Bao hutolewa baada ya alasiri likaingizwa magharibi, na Ramadhani huchezwa baada ya tarawehe hadi usiku mkubwa. Mwenye kuliendesha ni mzee mmoja. Jina lake silitaji, tumwite Fundi. Bao ni lake, kete zote 64, hizo komwe tunazochezea, ni zake, na kahawa ya wasio na kitu hulipa yeye. Wengi wetu tumejifunza kwake kunamua (kutia ubaoni kete ya mkononi) na kutakata (kusambaza kete bila kula) tungali watoto wa madrasa.

Juzi, huku aokota komwe akizitia mfukoni, akatwambia macho yamechoka, goti nalo halitaki ngazi, basi tumtafute wa kuliangalia baraza. Kisha akaagiza kahawa, kama aliyetupa habari ya mvua.

Sasa tumegawanyika. Vijana wataka hema, biriani, hotuba na cheti kwenye fremu. Wazee wasema atiliwe bahasha mkononi, yaishe. Mimi moyo wangu hauko huku wala kule. Huyu ni mtu akisifiwa usoni hunyanyuka akaenda zake. Kuna mgeni alitaka kumpiga picha akicheza, mchezo ukasimama mpaka simu ikarudi mfukoni.

Mtakataji:
Hema la nini, mwamuoza? 😂

BintiKibokoni:
Mushamuuliza mkewe? Nyinyi mwajua anavyocheza, nyumbani kwake hamujui kitu. Hizo kashata na mahamri mlizokula miaka yote barazani zilijikaanga zenyewe? Nendeni kwanza kwa bi mkubwa, na msiende mikono mitupu. Mpelekeeni leso yenye jina zuri, na hapo ndipo mtajua mzee ataka nini.

Kijana_Majengo:
Mimi niko upande wa vijana. Mtu akistaafu bandarini huagwa kwa heshima, picha zikapigwa. Huyu katulea bure, mbona aondoke kimyakimya? Heshima isiyoonekana watoto wataijuaje?

KimbiNaKichwa:
Kijana, hoja yako ina uzito, ila yule si mstaafu. Kuagwa ni kuambiwa nenda.

Mimi ni wa Lamu, nimekaa mabaraza ya kwetu na ya Mombasa. Tenganisheni mambo mawili: linalomchosha mzee na linalomweka hai. Linalomchosha ni kuteremsha bao kila siku, kukesha, kuhesabu kete zilizoangukia mtaroni, na kulipia kahawa. Hayo mumvue leo, bila hotuba. Linalomweka hai ni neno lake. Mtu anatakata, kete yake ya mwisho yaangukia nyumba, lile shimo lake la pembe nne, naye ataka kuichukua aendelee. Kelele zaanza. Fundi bila hata kugeuka asema, "Umetakata, nyumba yalala," na shauri limekwisha. Mkimnyang'anya hilo kwa jina la kumpumzisha, hata mkimpa kiti cha dhahabu mtakuwa mmemvika kilemba cha ukoka.

Basi kiti chake kibaki pale pale, chenye egemeo na karibu na taa. Atakayeendesha baraza aendeshe, lakini pakiwa na mzozo aulizwe yeye. Na mtoto mpya akija, akafunguliwe bao naye: kila mchezaji kete 10 ubaoni, 22 mkononi, afundishwe taratibu kama mlivyofundishwa.

MzeeWaLikoni:
Sahihi. Nami naongeza: msimnunulie bao jipya yeye. Bao lililochezewa miaka mingi mashimo yake yamelainika, mkono umeyazoea. La kwake libaki kwake acheze na wajukuu. Jipya chongesheni la baraza. Lakini msiokote tu kwenye maduka ya watalii, mengi kule ni ya safu mbili, mchezo mwingine kabisa. Letu ni safu nne, mashimo manane manane, na nyumba yake ya pembe nne. Mchongaji akikuuliza nyumba ni nini, mshukuru uondoke.

Kijana_Majengo:
Haya, hema nimelikunja. Kofia ya vito je?

BintiKibokoni:
Kofia sawa, ya kushonwa kwa mkono. Muibe kipimo cha kichwa kwa mkewe.

DadaWaTudor:
Samahani naingilia, bao silijui. Mmesema macho yamechoka. Yamechoka vipi? Aona ukungu? Taa zamsumbua usiku? Huenda ni mtoto wa jicho, na hilo hupasuliwa, wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mzee wenu mnamuaga au mnamtibu?

MwanaKuze:
Dada, umenifunga mdomo. Siku hizi kabla ya kucheza hupapasa shimo kwa kidole cha shahada, kisha ndipo achote. Zamani alikuwa atazama tu na ajua kete zitaishia wapi. Tukadhani ni mbwembwe za ufundi.

Mtakataji:
Bahasha ya wazee imepata kazi.

MzeeWaLikoni:
Na asiambiwe ni mchango. Mwanawe ampeleke, nyinyi mmalizane na mwanawe.

MwanaKuze:
Nimerudi. Tulikwenda kwa bi mkubwa na leso. Alicheka sana habari ya hema. Kasema mzee haoni vizuri tangu mfungo uliopita, daktari hamtaki, lakini mwanawe wa kike akisema neno hakatai. Huyo binti ashapanga, wampeleka wiki ijayo. Bahasha tumemkabidhi yeye.

Bao jipya tumeagiza kwa mchongaji wa Changamwe, na nyumba aijua. Kofia yashonwa. Kahawa tutalipa kwa zamu, na muuza kahawa keshaambiwa asipokee senti ya Fundi hata akigomba.

Limebaki moja, nani alale na bao jipya. Wawili walikuwa wakaribia kushikana mashati. Tukamuuliza Fundi, akajibu: "Atakayefungwa wa mwisho kabla ya adhana ndiye alibebe."

Mtakataji:
Basi hilo bao litahamia kwako, MwanaKuze.